Nyimbo za Kupimia Ziwa

Jumatatu, 3 Agosti 2015. Dzaleka

Foleni ya maji tangu alfajiri. Baridi. Ndoo zimepangwa bombani, wenyewe wamejikunyata ukutani wakisubiri jua. Kisha shule. Darasa la hesabu: pembe. Watoto walipiga miayo. Mwalimu wao, yaani mimi, pia.

Jioni Mama kwenye cherehani, mapazia ya mteja. Anakanyaga pedali na kuimba wimbo wake wa jioni. Uleule, aliokuja nao kutoka Bukavu. Polepole kama mgonjwa anayejifunza kutembea. Kwaya yetu inauimba pia, lakini sisi tunauimba kama watu walio hai. Nilimwambia aongeze mwendo. Aliniambia nipike.

Nsima, ugali wa hapa, na maharage. Nsima tena.

Mchungaji alipita na tangazo. Kanisa moja la Lilongwe lina mashua ndogo ya tanga huko Salima. Itapeleka dawa kwenye vijiji vya ziwani ambako barabara haifiki na petroli haipatikani. Wanataka nahodha. Watafundisha wakimbizi wawili kutoka kambini hapa Dzaleka, kisha watamchagua mmoja. Atakayechaguliwa atapata kibali cha kufanya kazi na kuishi nje ya kambi.

Nje ya kambi. Nilimwomba arudie.

Nimeandikisha jina. Sikumwambia mtu. Nina miaka ishirini na mitatu na sijaona maji mengi kuliko ya pipa tangu nilipokuwa mtoto.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimechukuliwa. Nilienda kukaa chooni, mahali pekee pa kuwa peke yangu.

Wa pili ni Olivier. Mnyarwanda, amekulia hapa hapa Dzaleka, sasa anatengeneza simu kwenye kibanda huko Area 36, Lilongwe. Mcheshi. Anapendwa na kila mtu. Tulisoma pamoja sekondari. Mimi wa kwanza, yeye wa pili, hajanisamehe. Ananiita Professeur. Simpendi.

Jumatano, 12 Agosti. Lilongwe

Kabaza mpaka barabara ya lami, miguu imening'inia nyuma ya baiskeli ya watu, kisha gari mpaka mjini. Somo la kwanza sebuleni kwa Bambo Mbewe, huko Nsungwi. Ndiye mwalimu wetu. Alikuwa nahodha wa boti za mizigo miaka mingi, sasa magoti yamechoka. Hasemi sana. Akisema, anatazama dirishani.

Alitandika ramani mezani. Kutoka ufukweni unashika mashariki. Unapita jabali kubwa linaloonekana. Mbele yake, upande wa kushoto, kuna mwamba uliozama, hauonekani mpaka uko juu yake. Lazima uupite wote, ndipo ugeuke kaskazini kwenda vijijini. Ukigeuka mapema, mwamba. Ndiyo njia ya mtihani.

Kila mmoja atatumia anachokiamini, akasema. Akatuuliza ni nini.

Olivier akatoa simu yake, kubwa, ya kugusa. Ramani ya ziwa ndani yake, na mshale mdogo wa buluu unaoonyesha uko wapi. Satelaiti. Alizungumza kama anauza.

Mimi nikasema: dira, upepo na muda.

"Muda?" Olivier akacheka. "Saa yenyewe huna, Professeur. Utamuuliza samaki?"

Kweli sina. Ya kwangu iliharibika mwaka jana. Nina hasira. Si kwa sababu alicheka, ila kwa sababu alikuwa sahihi.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimemwambia Mama. Nilitegemea kilio. Aliacha kukanyaga pedali, akanitazama kama vile ninamdanganya, kisha akacheka mpaka akashika tumbo.

Sikuwa najua haya. Au niliwahi kuambiwa nikasahau. Kabla sijazaliwa, Mama na kaka zake wawili walipeleka sabuni na chumvi kutoka Bukavu hadi kisiwa cha Idjwi, kwenye mashua ya makasia yenye tanga la magunia. Mama ndiye aliyelishona. Asubuhi ukungu ulifunika kila kitu. Hawakuwa na saa. Walipiga makasia na kuimba, na kila ghuba ilikuwa na idadi yake ya nyimbo. Wimbo ukiisha unajua umefika wapi.

"Mi sikukuwa na saa," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Nilikuwa na koo."

Nikamuuliza kama hawakuwahi kupotea.

"Kaka yangu njo alitupoteza siku moja. Alikuwa na mafua."

Halafu akaanza kunifundisha ziwa la Malawi, ambalo hajawahi kuliona. Upepo unalala saa sita, akasema. Maziwa yote ni ndugu. Nikamwambia hapana, Mama, si ndugu. Tumegombana. Lakini wimbo nimeuchukua.

Jumamosi, 22 Agosti. Salima

Maji.

Sijui niandike nini. Nilisimama ufukweni na miguu yangu ikaenda yenyewe, na viatu. Bambo Mbewe aligeuka upande mwingine, nadhani kwa heshima.

Mashua ni ya faiba, nyeupe, ina mlingoti mmoja na tanga lenye viraka. Nikishika usukani nasikia ziwa zima kwenye kiganja. Nikielekea mashariki, upepo wa kusini unanipiga shavu la kulia. Hata upepo ukipungua, wimbi la kusini linaendelea kuja, linainua nyonga yangu ya kulia kisha ya kushoto. Hilo nililigundua mwenyewe. Hakuna aliyeniambia.

Nilipima mwendo. Nilidondosha kijiti mbele, omoni, nikahesabu mpaka kilipofika nyuma kwenye usukani. Urefu wa mashua naujua. Iliyobaki ni hesabu ya darasa la sita. Olivier alitazama mshale wake, akatamka mwendo uleule. Alikasirika kidogo. Nilifurahi sana.

Jumatatu, 24 Agosti. Dzaleka

Nimepima wimbo wa Mama kwa saa ya simu ya jirani. Mara kadhaa, kwa sababu alikuwa anakatiza kumfokea kuku. Alipotulia, matokeo yalinishangaza: kila mara muda uleule. Uleule kabisa. Mguu kwenye pedali, wimbo juu ya mguu.

Nikapiga hesabu juu ya ramani. Upepo wa kawaida, kutoka ubavuni mwa jabali: wimbo mzima mara mbili, na mwamba umepitwa. Geuka.

Mara mbili. Ni rahisi mno. Ninajivuna. Leo najiruhusu.

Jumamosi, 5 Septemba. Salima

Aibu.

Jaribio. Bambo Mbewe alinivalisha kofia pana yenye kitambaa pembeni, nione dira na magoti yangu tu, kama vile kuna ukungu. Jabali lilipofika ubavuni akanigusa bega. Nikaanza kuimba. Kwa sauti, kama Mama. Nilikuwa na uhakika. Wimbo mara mbili, nikageuza usukani.

Kisha ile sauti. Jiwe chini ya mashua, kama meno yanasagwa. Bambo Mbewe alinipokonya usukani akatutoa. Kipande cha ncha ya usukani kimevunjika. Hakuna aliyeumia.

Olivier alisubiri mpaka tulipofika mchangani. Huo ndio ulikuwa muda mrefu kuliko wote.

"Professeur. Ule wimbo ulikuwa wa mazishi yetu?"

Bambo Mbewe aliondoka na usukani chini ya kwapa. Alisema neno moja tu: nikikosea tena, basi.

Jumatano, 9 Septemba

Sikwenda Lilongwe. Hakuna somo wiki hii, usukani uko kwa fundi.

Nimepiga hesabu upya. Ziko sawa. Kijiti kilikuwa sawa. Dira ilikuwa sawa. Upepo ulikuwa uleule. Sielewi nilipokosea, na kutoelewa kunanitafuna kuliko aibu.

Mama ameuliza mara moja tu. Sikumjibu vizuri.

Jumapili, 13 Septemba

Nimeelewa!

Niandike kwa utaratibu. Kanisa letu lina kwaya nyingi kuliko madirisha. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, vijana, akina mama, wajane, kila kundi na sare yake, na zote zinataka kuimba Jumapili ileile. Kwa hiyo mzee wa kanisa anakaa mbele na kengele mkononi. Ukizidisha muda, anagonga, unashuka na aibu yako. Kwa hiyo mpiga kinanda anaanza kwa kasi, ngoma inafuata, na sisi tunakimbia. Tumekimbia miaka yote hii mpaka tumesahau kwamba tunakimbia.

Leo tuliimba wimbo wa jioni. Mama alikuwa benchi la nne, akiimba nasi kutoka alipokaa. Nusu mstari nyuma yetu. Kama kila Jumapili. Vijana wa kwaya wanamwita Mama Mwangwi, na miaka yote hiyo nimekuwa nikijifanya sisikii, nikiona haya.

Katikati ya ubeti wa pili nikaacha kuimba. Alto mwenzangu akanifinya.

Mama hachelewi. Mama anaimba mwendo wa makasia. Mimi nilipima wimbo wake sebuleni, kisha ziwani nikauimba wa kwetu, wa Dzaleka, wa kuogopa kengele. Nikamaliza mapema. Nikageuka mapema. Mwamba.

Hesabu zilikuwa sawa. Aliyekosea ni koo langu.

Nilicheka kanisani, peke yangu, mbele ya watu wote. Mzee alinikazia macho. Angegonga tu hiyo kengele yake.

Jumatatu, 14 Septemba

Nimemweleza Mama. Hakushangaa hata kidogo.

"We unaimba kama mutu anakimbia mvua," akasema. "Siku zote. Nilidhani njo fashion."

Akaniweka kwenye cherehani, bila uzi. Yeye akakaa pembeni na kijiko, akipiga juu ya sufuria kila ninapoharakisha. Nimeharakisha kila ubeti. Kijiko hakikupumzika. Kuimba polepole ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Kifua kinataka kukimbia. Lakini mguu unajifunza. Mguu una akili kuliko kifua.

Ijumaa, 18 Septemba

Pedali. Kijiko. Pedali.

Jirani ameuliza kama tumefungua kwaya ya watu wawili.

Jumamosi, 26 Septemba. Salima

Kofia tena. Jabali ubavuni, kidole begani. Safari hii nilikanyaga sakafu ya mashua kwa mguu wa kulia, pedali isiyokuwepo, na wimbo ukaenda juu ya mguu. Mara mbili. Nikageuka.

Kimya. Upepo ukahamia kisogoni, kama unavyotakiwa. Bambo Mbewe akanivua kofia. Mwamba ulikuwa nyuma, upande wa kushoto, mbali salama, maji yakipasuka juu yake.

Olivier alitazama simu, akanitazama mimi, akatazama simu.

"Bahati," akasema.

Tukarudia. Ikawa bahati mara mbili. Tukarudia tena, na safari hii alikuwa anahesabu beti pamoja nami bila kujijua. Niliona midomo yake.

Ijumaa, 9 Oktoba. Lilongwe

Kesho mtihani. Tunasafiri alfajiri, kwa hiyo nalala kwa shangazi wa rafiki, Area 36. Nilipita kwenye kibanda cha Olivier, kumpelekea redio ya Mama iliyokufa. Sikutaka kwenda. Mama aling'ang'ania.

Aliifungua redio bila kunitazama. Mzaha haukuwepo. Aliniambia kibanda hicho kimefungwa na askari mara nyingi, kwa sababu mkimbizi hatakiwi kufanya biashara mjini. Wakija, anatia simu za wateja kwenye mfuko wa plastiki na kukimbia kupitia sokoni. Mke wake ana mimba. Hawezi tena kukimbia naye, akasema, mke hawezi kukimbia.

Kwa hiyo naye anakitaka kibali kama mimi. Pengine zaidi. Afadhali nisingejua. Nimejaribu kupunguza hamu yangu ya kushinda na sikuweza hata kidogo.

Redio inafanya kazi. Amekataa malipo.

Jumamosi, 10 Oktoba. Salima

Niandike leo hii hii.

Olivier alianza, asubuhi. Anga safi, jabali linaonekana, maji kama kioo cha kijani. Mimi nilishika kamba ya tanga. Aliifuata njia ya simu yake bila kosa. Mashariki, pita, kaskazini, kijijini, kurudi. Vizuri sana. Sina la kumkosoa, na nilitafuta. Aliporuka mchangani alipiga magoti, akabusu simu. Watoto wa ufukweni walimshangilia.

Zamu yangu mchana. Tulibadilishana: mimi usukani, yeye kamba, Bambo Mbewe mbele omoni, mgongo kwetu, kimya kama gunia. Sheria ilikuwa ileile, tutumie tunachotaka. Nilimwambia Olivier aweke simu yake wazi na anisomee. Sioni aibu. Kama kuna jicho la ziada nalitaka.

Tulipokaribia jabali nikaona moshi juu ya ziwa, mweusi, umesimama wima. Nikadhani wanachoma nyasi. Lakini moshi juu ya maji? Bambo Mbewe akasema neno moja, "Nkhungu." Akajifunika kichwa na koti.

Wadudu. Vijidudu vya ziwani, wadogo kuliko mbu, hawaumi, lakini wanapanda kutoka majini kwa wingi ambao siwezi kuueleza. Nilipata muda wa kuona jabali likiwa ubavuni kwetu. Nikafunga kitenge mdomoni na puani. Nikaanza wimbo. Kisha wingu likatumeza.

Giza la kahawia. Mlio kama redio isiyoshika stesheni. Wadudu machoni, masikioni, ndani ya nywele. Dira siioni, kioo chake ni uji mweusi. Siwezi kufungua mdomo. Nahodha anayepima njia kwa kuimba, na hawezi kufungua mdomo.

Kwa sekunde kadhaa sikuwa na kitu chochote. Niandike hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mtupu.

Kisha mguu. Mguu wa kulia ulikuwa unaendelea. Sikuwa nimeuamuru. Ulikuwa unakanyaga sakafu, pedali, pedali, na wimbo ulikuwepo juu yake, ndani, bila sauti, ubeti wa tatu. Haukuwa umekatika. Nimeishi maisha yangu yote ndani ya kichwa changu na watu wananilaumu kwa hilo. Leo ndani ndipo palipokuwa na njia.

Upepo shavu la kulia. Wimbi nyonga ya kulia, kisha ya kushoto. Mashariki. Nilishika hapo.

Lakini upepo ulikuwa umepungua. Nikatia mkono majini: maji yalipita kwenye vidole kivivu. Tunakwenda polepole kuliko siku ya mazoezi. Mara mbili haitatosha. Nikaamua: mara mbili, kisha wimbo tena mpaka katikati. Niliamua mwenyewe. Mama hakuwepo, na kijiko hakikuwepo.

Nilikuwa nakaribia mwisho wa mara ya pili Olivier alipopiga kelele kupitia kola ya shati.

"Geuka! Simu inasema tumeupita! Geuka, Sifa!"

Mara ya kwanza kuniita kwa jina langu.

Nikatikisa kichwa. Alikuwa anapangusa kioo kwa kiganja na wadudu wanaanguka tena kabla hajaondoa mkono. Akaniletea simu usoni. Niliona mshale wa buluu, mbali na mwamba, mashariki mwake. Ulionekana wazi kabisa. Ulionekana kweli kuliko kitu chochote kingine ndani ya lile wingu.

"Utatuua, dada! Geuka!"

Bambo Mbewe hakugeuza kichwa. Mgongo wake tu.

Niliwaza: simu haichoki, haina kwaya, haiogopi kengele. Niliwaza usukani uliovunjika. Nikikosea tena, basi. Na mguu unaendelea kukanyaga. Mkono majini: kivivu bado. Vidole vyangu havikuwa na sababu ya kunidanganya.

Sikugeuka. Niliimba moyoni beti zilizobaki, mmoja mmoja, hakuna hata mmoja niliouharakisha. Katikati ya mara ya tatu nikasukuma usukani. Upepo ukaondoka shavuni, ukazunguka sikio, ukatulia kisogoni. Kaskazini.

Mwanga ulirudi ghafla, kama mtu amefungua mlango. Tukatoka kwenye wingu tukiwa weusi wote watatu. Na pale, upande wa kushoto, karibu kiasi cha kusikika lakini mbali kiasi cha kupumua, maji meupe yanapasuka juu ya mwamba. Ulikuwa bado ubavuni kwetu. Kama ningegeuka alipopiga kelele, tungekuwa juu yake.

Olivier aliutazama mwamba. Akasafisha simu kwa shati, polepole, akabonyeza. Ramani ikaruka, alama ya mwamba ikarudi mahali pake. Alielewa kabla yangu, ni kazi yake. Satelaiti haikukosea. Wadudu waliosagika chini ya kiganja chake ndio waliokuwa wakikigusa kile kioo. Waliivuta ile alama aliyoiweka mwenyewe, wakauhamisha mwamba.

"Sasa inasemaje?" nikauliza.

"Inasema uko juu ya mstari." Akameza mate, akatema mdudu. "Juu yake kabisa, Professeur. Hata mimi asubuhi sikuwa juu yake hivyo."

Nilipiga ukelele. Mimi, ambaye sipigi kelele. Nilifunua kitenge nikaimba ule wimbo kwa sauti yote, mwendo wa Mama, mpaka kijijini, na tanga limejaa nyuma yangu. Bambo Mbewe aligeuka mwishowe. Alikuwa na wadudu kwenye nyusi. Alikuwa anatabasamu.

Ufukweni wanawake walikuwa tayari wanazungusha masufuria hewani kuwakamata wadudu. Wanawafinyanga mikate na kukaanga. Walitupa. Olivier alikula minne. Alisema ni kisasi.

Jumatatu, 12 Oktoba. Lilongwe

Sebuleni Nsungwi. Bambo Mbewe alituita wote wawili pamoja, hakutaka mmoja asikie kutoka kwa mwingine. Alitazama dirishani.

Olivier alipita palipoonekana, akasema. Sifa alipita pasipoonekana. Dawa zitasafiri siku za aina zote.

Ni mimi.

NI MIMI.

Zikomo, asante, nikasema. Neno dogo mno lakini sikuwa na lingine.

Olivier alinipa mkono. Hakuachilia upesi. Sikumhurumia pale pale. Furaha ilikuwa imejaa, haikuacha nafasi. Nilimhurumia baadaye, barabarani, nilipomwona akivuka kuelekea Area 36 na mikono mifukoni.

Nimemwambia Bambo Mbewe ninataka kifaa cha satelaiti ndani ya mashua. Mimi si mjinga. Nataka chenye vitufe, si cha kugusa, na nataka Olivier ndiye akichague na kukifunga na kukitunza. Bambo Mbewe ameahidi kumwombea kanisani kazi hiyo, na kibali chake. Ahadi si kibali. Nitamkumbusha kila wiki mpaka anichoke.

Jumanne, 13 Oktoba. Dzaleka

Mama alikuwa anajua kabla sijafungua mlango. Anasema aliona jinsi nilivyotembea.

Nilimweleza yote. Wingu, mdomo uliofungwa, mguu, simu. Alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Nilipofika kwenye upepo uliopungua na wimbo nilioongeza, akainua kichwa.

"Uliongeza ngapi?"

Nikamwambia.

Akafikiri. "Mi ningeongeza beti moja zaidi."

Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka ana sindano mdomoni. Nikamkumbatia tu.

Jumapili, 18 Oktoba

Kesho naondoka. Begi liko mlangoni. Mama amenishonea tanga dogo la akiba, kwa vipande vya mapazia ya watu. Lina maua.

Leo sikuvaa sare ya kwaya. Niliketi benchi la nne, pembeni ya Mama. Kwaya zikapita moja baada ya nyingine, mzee na kengele yake. Zamu ya kwetu ilipofika, kinanda kilianza mbio, wimbo wa jioni.

Mama akaimba. Nikaimba naye. Nusu mstari nyuma, kisha mstari mzima. Watu wa mbele waligeuka kutazama. Kwaya ilimaliza, ikashuka, kanisa likanyamaza, na sisi tulikuwa bado tuna beti.

Mzee aliinua kengele. Akatutazama. Akaiweka chini.

Chini ya benchi mguu wake na mguu wangu ilikuwa inakanyaga pamoja. Tulifika mwisho bila haraka.